Beseni la Viti Sita

Invercargill, 9 Aprili 2017

Shangazi Merania,

Shikamoo kutoka huku baridi inakozaliwa. Natumaini magoti yamekupa nafuu, na kwamba masikio yako bado yanachagua ya kusikia na ya kuacha. Sisi wawili tu wazima, ila mgongo wa Huia unamtesa. Kule nyumba ya wazee anakofanya kazi, anawainua watu vitandani kutwa nzima, na wazee wa huku wamelelewa kwa siagi. Mimi bado niko kiwanda cha nyama, lakini msimu unaisha. Mwezi ujao watatuweka nyumbani mpaka kondoo warudi. Baba mkwe atatimiza mwaka kaburini mwezi wa saba, na siku hiyo jiwe la kaburi lake litafunuliwa. Ukweni wameshaanza kugawana kazi.

Bafu letu la juu, lile la chemchemi pale kijijini, linaendeleaje? Bado linachoma kama zamani, ukiingia lazima utukane kwanza?

Sasa nina jambo dogo. Kuna jirani yangu anataka kununua beseni la maji moto, lile la kuweka nje ya nyumba, ambalo watu huliita spa. Ni mara yake ya kwanza na mfuko wake hauna kina. Aliposikia nimezaliwa kijiji ambacho maji yanachemka yenyewe ardhini, akaniomba ushauri. Nikaona haya kusema sijui. Kwetu nani aliwahi kununua maji moto? Lakini wewe umeoga kwenye maji hayo miaka yote, unajua mwili unataka nini. Mtu wa kipato kidogo aangalie nini? Ukubwa? Zile pampu za mapovu? Au apate tu la bei rahisi aanze maisha?

Nakuomba usilitaje jambo hili kijijini. Ni la jirani tu, lakini watu wetu unawajua.

Mwanao,
Hohepa

Rotorua, 24 Aprili 2017

Hohepa mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilichelewa, posta siku hizi inakuja inapojisikia. Simu usinipigie, nasikia upepo tu. Mimi mzima. Bega la kulia linagoma kupanda juu, lakini la kushoto bado lina adabu. Wiki jana mjukuu wa Paretai aliolewa, wakajaa ukumbini mpaka nje. Mwaka huu sikupeleka viazi. Wakaniuliza, "Merania, viazi vyako viko wapi?" Nikasingizia bega. Mbwa wa jirani amekufa, hatimaye, na mimi sikulia.

Huyo jirani yako ana jina? Nimekulea tangu una miaka minne. Ulipokuwa unakula biskuti zangu ulikuwa unasema kuna "mtoto mmoja" amepita. Nikasema basi, yule mtoto mmoja sasa amekuwa mkubwa, amehamia Invercargill, anataka kununua spa.

Nilicheka, sikufichi. Kisha sikucheka. Sisi tuliokuwa tunakaa ukingoni na kuwaonea huruma watalii wanaolipa waoge, leo mtoto wetu anauliza bei. Lakini mgongo ni mgongo, na Huia ni mke mwema. Sikiliza.

Beseni si bei ya kulinunua, ni bei ya kulipasha. Mwenye mfuko mdogo hanunui mapovu, ananunua kifuniko. Kifuniko kikiwa kibovu, unapasha joto mbingu, na mbingu haina shukrani. Pili, usinunue kabla hujakaa ndani likiwa kavu, na nguo zako, na viatu umevua. Maji yakufike mabegani. Yakiishia kifuani utakuwa na kichwa cha Invercargill na miguu ya Rotorua. Tatu, hesabu watu wa nyumbani, si watu wa sherehe.

Na chombo ambacho mwili unaingia hakiwekwi chakula, hata kikiwa kikavu; ni mwiko. Lakini hilo sina haja ya kumwambia mtu aliyezaliwa huku. Mwambie jirani.

Shangazi yako,
Merania

Invercargill, 21 Mei 2017

Shangazi,

Shikamoo. Huia anakusalimu, anasema safari hii umwandikie yeye, mimi nimezidi kujipendekeza. Kiwanda kimefunga. Nashinda nyumbani kama paka. Hukunijibu kuhusu bafu la juu.

Haya, jirani ni mimi. Niliona haya na bado ninaona. Unajua ukweni wananiita nani? Maji Moto. Miaka kumi na moja nimeoa hapa, na bado shemeji yangu Teone akiniona nimevaa makoti mawili anapiga kelele, "Maji Moto anatetemeka jamani, mchemsheni!" Wanacheka, nami nacheka. Kwenye marae yao, ukumbini kwa ukoo wao, kazi yangu ni kuosha sufuria. Silalamiki, mkwe mahali pake ni jikoni, hata kwetu ni hivyo. Lakini mtu anachoka kuwa wa sufuria.

Tulikwenda kuangalia matatu. La kwanza lilikuwa la kujaza upepo. Bei yake nzuri, lakini Huia aliligusa akasema upepo wa huku utalipeleka Antaktika na sisi ndani. La pili lilikuwa kwa mzee mmoja huko Otatara: tangi la bati la kunyweshea ng'ombe, jipya, halijawahi kuona ng'ombe, ametia jiko la kuni ubavuni na kifuniko cha mbao kinachokaa sawasawa. Viti viwili. Nilikaa ndani na soksi zangu kama ulivyoagiza, mabega yakafunikwa. Huia alikaa mbele yangu akafumba macho, akasema, "Hili hili, Hohepa."

Mimi sikutaka. Akilini nilimwona Teone akisimama uwanjani kwangu akisema, "Maji Moto amenunua hori la ng'ombe."

La tatu lilikuwa Winton kwa mfugaji. Viti sita, mapovu kila upande, taa za buluu chini ya maji. Lilikuwa rahisi kuliko lile la kuni. Kifuniko kimekunywa maji, kukiinua ni kazi ya watu wawili, lakini mwenyewe alisema kitakauka. Nimelinunua hilo. Tulilileta kwa tela la rafiki yangu Dougal wa kiwandani. Nilikuwa nimepima beseni, nimepima sakafu, nimepima mpaka kivuli chake, nikasahau geti. Tukalipitisha juu ya ua, watu wanane, Teone akiamrisha kama nahodha. Jioni aliingia wa kwanza, na kaptula yake na bia yake, akasema, "Leo kweli wewe ni Maji Moto."

Huia aliingia wote walipoondoka. Kisha akasema mgongo umemnyamazia.

Njoo, Shangazi. Njoo ukae huku baridi hii. Kiti kimoja ni chako.

Hohepa

Rotorua, 8 Juni 2017

Hohepa,

Mimi mzima. Paretai anaumwa kifua. Wiki hii kulikuwa na mkutano wa ukoo na sikupeleka kitu, nilikwenda nikakaa nyuma.

Kuja siji. Asante. Nina maji yangu hapa, nitakwenda kutafuta nini kwenye plastiki yenye taa?

Viti sita kwa watu wawili. Kimoja umeniwekea mimi nisiyekuja, na vitatu umewanunulia shemeji zako. Huia alikwambia "hili hili" na wewe ukasikia sauti ya Teone. Niandikie ukweli: siku ya nne bila kuingia, kifuniko kikiwa hicho, maji yana joto gani? Na umeme?

Salamu kwa Huia. Mwambie asinyanyue wazee peke yake.

Merania

Invercargill, 4 Julai 2017

Shangazi,

Shikamoo, tu wazima wote, baridi imeshika kweli lakini sisi hatuna wasiwasi, tuna maji yetu. Huia anafanya zamu za usiku. Siku ya jiwe ni tarehe ishirini na mbili. Wageni watatoka mpaka Kisiwa cha Kaskazini. Na sikiliza hii: Taua Pirihira, bibi yake Huia (huku bibi ni Taua), amesema mbele ya wote kwamba safari hii chaza na kome wa karamu asimamie Maji Moto. Chaza wa Bluff, Shangazi! Huku kupewa chaza ni kupewa funguo za nyumba.

Naandika haraka. Bafu la juu?

Hohepa

Invercargill, 6 Agosti 2017

Shangazi,

Shikamoo. Sijui salamu nyingine ya kuweka hapa. Huia yuko Bluff kwao tangu siku ile. Anasema anamsaidia Taua, nami sikuuliza zaidi.

Kwanza, nilikudanganya. Nilipokuandikia mwezi wa saba beseni lilikuwa kavu. Kifuniko hakikukauka, kilizidi kunywa. Maji yalikuwa yakipoa kabla hatujavua viatu, na lile dude likawa linavuta umeme mchana na usiku. Bili ilipokuja niliificha ndani ya buti la kazini. Kiwanda kimefunga, tunaishi kwa mshahara wa Huia, nitamwambiaje? Nikalizima, nikatoa maji, nikamwambia pampu imekufa. Akawa anarudi zamu ameshika kiuno, anapita kando ya beseni tupu, anaingia ndani kulala.

Ijumaa, siku moja kabla ya jiwe, friji kubwa la marae lilikufa. Magunia ya chaza na kome yameshashushwa, jikoni kuna joto la majiko, watu wameshika vichwa. Mimi nikasema, "Tulieni, mimi nina mahali."

Shangazi, nilifurahi. Nilikwenda nyumbani nikalisugua beseni kwa brashi, nikalimwagia maji yanayochemka, nikajaza barafu, nikapanga magunia, nikafunika na kile kifuniko kibovu. Nikasema kumbe hata wewe una faida. Nakuapia, sikukumbuka. Si kwamba nilikumbuka nikapuuza. Halikunijia kabisa.

Jumamosi tulitoka makaburini, watu wakaketi. Taua Pirihira alikula chaza mpaka nikamwongezea. Teone akanipiga begani akasema, "Leo shemeji umetutoa kimasomaso." Shemeji, si Maji Moto. Wageni wakaomba wapishi tutoke jikoni tushukuriwe. Tukasimama mbele na aproni zetu. Dougal alikuwa amekuja kutusaidia kumenya, mzungu wa watu, hana baya na mtu. Akanyanyua glasi, akasema kwa sauti yake ile ya kiwandani:

"Na Hohepa jamani! Friji limekufa, yeye kawalaza chaza kwenye spa yake! Lile beseni mwisho limepata kazi!"

Akacheka peke yake.

Nilisikia uma zikiwekwa mezani, moja baada ya nyingine. Teone akaniuliza polepole, "Spa ile? Ile tuliyokaa sisi?" Nikasema ndiyo. Taua akafuta mdomo, akakunja kitambaa cha karatasi, akakiweka juu ya sahani yake kufunika kilichobaki. Akasimama, na ukumbi mzima ukasimama. Chakula chote, hata keki, kilikwenda kufukiwa nyuma. Wageni waliosafiri siku mbili walirudi kwenye mabasi na njaa, na wengine nilisikia wakitapika kando ya uzio. Dougal alikuwa akinivuta mkono, "Nimesema nini? Hohepa, nimesema nini?"

Huia alinikuta kwenye sinki. Akasema, "Siku ya baba yangu, Hohepa." Hayo tu.

Angekuwa Dougal, tungesema hajui. Mimi nimezaliwa mahali ambapo chemchemi ya kupikia iko juu na mabafu yako chini, maji yanatoka kwenye vyungu kwenda kwenye miili na hayarudi kamwe. Taulo za sahani hukutuachia tuzifue na soksi. Nimewalisha wakwe zangu jasho la Teone, siku ya jiwe la baba yao.

Sitoki nje. Nimewaandikia barua ya kuomba radhi, sijaituma. Nifanye nini?

Hohepa

Invercargill, 27 Agosti 2017

Shangazi,

Umenyamaza. Kama umeamua kutoniandikia tena nitaelewa. Nijulishe tu kwamba u mzima.

H.

Rotorua, 10 Septemba 2017

Hohepa,

Mimi mzima. Barua yako imekaa mezani mwezi mzima. Nilianza kukujibu mara nyingi nikachana. Sababu ninazo, ziache.

Ulichofanya ni kibaya, sitakipunguza. Ungekuwa mdogo ningekuchapa na kijiko cha mbao. Lakini nimefikiri kwa nini hukukumbuka, wewe uliyekuwa unawagombeza watoto wenzako wakikalia meza ya chakula. Nadhani najua. Hukuweka chakula kwenye bafu. Kwako halikuwa bafu. Lilikuwa kitu cha plastiki ulichokionea haya tangu siku ya kwanza, ukamsingizia jirani, kisha ukakinunua kwa ajili ya macho ya Teone. Kitu unachokionea haya hukipi heshima yake, na kisichopewa heshima kinakuumbua mbele za watu.

Barua ile ichane. Barua ni kujificha. Nenda kwa Taua Pirihira kwa miguu yako, useme kwa mdomo wako, na useme yote, mpaka lile buti. Mficha uchi hazai. Usimpelekee zawadi. Hasa usimpelekee chakula.

Merania

Invercargill, 30 Septemba 2017

Shangazi,

Shikamoo. Nilikuwa nimeanza kuogopa. Kiwanda kimefungua, mikono imeanza kupasuka tena, kwa hiyo tuko salama.

Nilikwenda. Taua aliniacha nimesimama mlangoni mpaka akamaliza kusoma gazeti, na gazeti lenyewe alilisoma mpaka matangazo ya vifo. Huia alikuwa chumba cha pili, nikimsikia anatembea.

"Haya," Taua akasema. "Mtu wa chaza."

Nikasema nimekosa. Akasema hilo analijua, lilikuwa tumboni mwake siku mbili. Akaniuliza, "Lile dude unalo bado?"

"Ninalo, Taua."

"Ni bafu au ni ndoo?"

"Ni bafu."

"Kama ni bafu, mbona lilikuwa kavu katikati ya baridi, na mjukuu wangu mgongo wake hivyo?"

Hapo ndipo nilipotaka kukimbia. Yale ya chaza watu wote wanayajua. Haya ya bili hakuna aliyeyajua ila wewe. Nikamwambia: sikuweza kulipa umeme, niliificha bili kwenye buti, nikamdanganya mke wangu kuhusu pampu. Nilisema nikiangalia zulia. Nilipoinua macho Huia alikuwa mlangoni.

"Pampu nzima?" akaniuliza.

"Nzima."

"Miezi yote ile nikishika kiuno, pampu nzima?"

Taua akachukua tena gazeti lake. "Kumbe ni umaskini," akasema. "Mpumbavu wewe. Ungesema mwezi wa saba, bafu lingekuwa na maji, chaza wangeoza, tungekula soseji."

Sikusamehewa, usidhani. Jikoni kwao siruhusiwi kugusa chakula mpaka Taua mwenyewe aseme. Nafagia vyoo na napasua kuni. Teone hanitanii, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, sikujua kwamba nitakuja kuyatamani matani yake. Lakini Huia amerudi nyumbani. Siku tatu alinisemesha kwa mambo ya lazima tu. Ya nne akasema, "Tangi la Otatara halijauzwa. Nimeshampigia mzee."

Lile la viti sita tumemrudishia mfugaji kwa kuligawa bure, na tukalivusha ua uleule, safari hii tukiwa wachache zaidi. Tangi liko hapo sasa. Tunawasha mabaki ya mbao, baada ya saa mbili maji tayari, mabega yanazama. Halina taa. Jana Huia alilala ndani mpaka nikamwamsha. Mimi bado nikiingia naona haya, lakini naoga kwanza ndani ya nyumba, navua viatu mbali, na nimepigilia msumari wa kutundika taulo za tangi pekee.

Nimekuuliza kuhusu bafu la juu tangu mwezi wa nne. Hujanijibu hata mara moja. Na viazi, Shangazi. Wewe bila viazi?

Hohepa

Rotorua, 15 Oktoba 2017

Hohepa mwanangu,

Marahaba, na mwambie Huia namshukuru kwa kurudi. Paretai amepona, ameanza tena kusema watu.

Nilikwambia barua ni kujificha. Mimi nimejificha humu mwaka mzima.

Bafu la juu limekufa. Lilianza kupoa kabla ya Krismasi iliyopita, likawa uvuguvugu, kisha likawa maji tu. Wazee wanasema mkondo umehama. Wenzangu wote wanakwenda mjini kwenye mabwawa ya kulipa. Paretai alinipitia na gari kila Jumatano mpaka akachoka. Nitalipaje nioge, mimi? Nilikaa ukingoni miaka sitini nikiwacheka wanaolipa. Nilimwambia naoga nyumbani.

Nyumbani wapi? Unaijua nyumba hii. Haijawahi kuwa na bafu, ingekuwa nalo la nini? Nikawa nachemsha maji kwenye birika. Karai kubwa la bati bega langu haliliwezi, likiwa na maji halisogei. Ninaloweza kulinyanyua ni moja tu, na unalijua, uliniletea mwenyewe ulipopata mshahara wa kwanza. Lile beseni la kijani.

La kuoshea viazi, Hohepa.

Nilijiambia ni mara moja tu, miguu tu. Kisha nikajiambia nitanunua lingine siku ya pensheni. Kisha baridi ikaja na nikaacha kujiambia. Ndiyo maana sikupeleka viazi harusini. Angalau hilo nililiweza, hakuna aliyekula kutoka mkononi mwangu tangu hapo. Ukumbini nakaa nyuma ili asije mtu akaniomba nimenye kitu. Nikikutana na watoto wa kijiji naogopa macho yao, mimi niliyewafundisha.

Barua yako ya chaza niliisoma nimekaa jikoni, miguu ikiwa ndani ya beseni hilo. Ulisimama na aproni mbele ya ukumbi mzima, mimi nikakaa mwezi mzima nikitafuta maneno ya kukuhukumu, na maji yakanipoea. Kisha nikakwambia nenda, sema yote. Ukaenda. Nyani haoni kundule, lakini mimi nilikuwa naliona, nikakugeuzia uso.

Sijamwambia mtu mwingine. Jumapili, baada ya ibada, nitasimama nimwambie Paretai na wenzake. Akilijua Paretai limejulikana mpaka Auckland. Nakuandikia wewe kwanza ili nisipate njia ya kurudi nyuma. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Nakuja mwezi wa kumi na moja. Usiwaambie ukweni kwamba ninajua kupika, nitakaa na wewe huko nje kwenye kuni mpaka Taua Pirihira asikie na ya kwangu. Lile beseni la kijani nimelitoboa, nimepanda maua ndani yake, liko mbele ya mlango ambapo kila mtu anapita.

Washa moto mapema siku hiyo. Basi linafika jioni, na sijazama mpaka mabegani tangu Krismasi.

Shangazi yako,
Merania